Nyasi za malisho ya kijiji zinapungua: ni wingi wa ng'ombe, mvua, au namna ya kuchunga?

Swali: Mimi ni katibu wa kamati ya malisho katika kijiji kimoja cha wilaya ya Simanjiro. Malisho yetu yamebadilika mno tangu nilipokuwa mtoto. Nyasi zilizokuwa zikitufikisha Oktoba siku hizi zinakwisha Julai, eneo la kuzunguka lambo limebaki udongo mtupu, na upande wa pili vichaka vya miiba vimeziba hata njia za ng'ombe. Afisa mifugo anatuambia tupunguze mifugo. Shirika moja lililotutembelea linashauri tuugawe uwanda vipande vipande, tuwaunganishe ng'ombe wa kijiji kizima na kuwazungusha. Wazee wetu wanasema tatizo ni mvua tu, na zikirudi nyasi zitarudi. Tumsikilize nani?

Jibu: Ndugu katibu, kila mmoja kati ya hao watatu ameshika sehemu ya jambo, lakini hakuna aliyetaja lile ambalo mimi ningeliweka mbele ya yote, nalo ni kwamba nyasi za malisho yenu huenda hazipati kipindi cha kupumzika wakati wa mvua, yaani wakati zinapokua. Ili nieleze kwa nini nasema hivyo, naomba uniruhusu nianze na nyasi zenyewe kabla ya kufika kwa ng'ombe.

Nyasi bora za nyanda zetu, zile za kudumu zinazoota kwa mashina, huishi miaka mingi kwa kutegemea chakula zinachokihifadhi kwenye mizizi na kwenye kitako cha shina. Mvua za kwanza zinaponyesha, majani mawili matatu ya mwanzo hutokana na akiba ya msimu uliopita, kwa kuwa mmea bado hauna majani ya kutosha kujitengenezea chakula. Ng'ombe akiyala majani hayo, shina hulazimika kuchota tena kwenye akiba ileile. Akirudi baada ya siku chache na kula machipukizi, huchota mara ya tatu. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1955, ambao hadi leo hutumika kufundishia fani hii, ulionyesha kwamba mmea wa nyasi ukiondolewa hadi nusu ya majani yake, mizizi huendelea kukua karibu kama kawaida; ukiondolewa asilimia 80 kwa mara moja, mizizi yote husimama kukua kwa takriban siku 12. Siku hizo, katika msimu wa vuli ambao kwenu huenda ukawa na wiki sita tu za unyevu wa maana, si chache hata kidogo.

Mmea unaofanyiwa hivyo mwaka baada ya mwaka haufi mbele ya macho yako. Mizizi yake huwa mifupi, na kiangazi kikali kinapokuja hushindwa kuufikia unyevu wa chini, ndipo unakauka, na watu wakasema umeuawa na ukame. Ukame ndio uliouua, ni kweli, lakini mmea ulikwisha dhoofishwa misimu mitatu minne kabla.

Shina lilelile likiliwa Agosti, wakati majani yamekauka na akiba imekwisha shuka mizizini, halipati madhara makubwa hata likiliwa karibu lote. Kwa hiyo ng'ombe mmoja anayerudi kwenye shina moja kila baada ya siku nne mwezi wa Novemba anaweza kuliharibu kuliko ng'ombe kumi wanaolila mara moja katikati ya kiangazi. Na ng'ombe hurudi kweli, kwa sababu machipukizi mafupi ni laini na yana protini nyingi kuliko majani marefu yaliyokomaa. Ndiyo maana hata kijiji chenye mifugo michache kinaweza kuwa na mabaka yaliyoliwa hadi udongoni kando ya mabaka ya nyasi ndefu ambazo hakuna mnyama aliyezigusa.

Ukifikiria hivyo utaona kwamba mfumo wa zamani wa uchungaji ulikuwa na akili ambayo wataalamu walichelewa kuiona. Mvua zilipoanza, mifugo iliondoka kwenye maeneo yenye maji ya kudumu na kwenda kwenye tambarare za nyasi fupi, ambako maji ya madimbwi hupatikana kwa muda tu; kiangazi kilipoingia ilirudi kwenye visima na mito, ikazikuta nyasi zimekua, zimetoa mbegu na kukauka zikiwa zimesimama. Karibu na boma palikuwa na alalili, malisho yaliyofungwa kwa ajili ya ndama na wanyama wagonjwa. Hata ugonjwa ulikuwa na mchango wake: nyumbu wanapozaa kwenye tambarare za Simanjiro, wachungaji huwaondoa ng'ombe huko kwa kuogopa ugonjwa unaotokana na ndama wa nyumbu, na eneo lote hupata nafuu katika miezi ya kati ya vuli na masika.

Sasa jiulize ni nini kilichobadilika kijijini kwenu. Nadhani, kwa jinsi ulivyoeleza kuhusu lambo, jibu ni lilelile nililolikuta katika vijiji vingi vya nyika ya Wamasai: tambarare za mvua zimelimwa mahindi na maharage, shule, zahanati na nyumba za bati zimejengwa karibu na maji ya kudumu, na mifugo iliyokuwa ikihama sasa inakaa mwaka mzima kwenye eneo lililokuwa la kiangazi. Idadi ya ng'ombe wa kijiji inaweza kuwa ileile ya miaka 30 iliyopita, au hata pungufu, na bado nyasi zikaliwa mara nyingi zaidi katika msimu mbaya kuliko yote wa kuliwa.

Ninaposema hivyo simaanishi kwamba afisa mifugo amekosea. Hebu tupige hesabu yake. Kipimo kinachotumika ni ng'ombe wa kilo 250, ambaye hula takriban kilo 6.25 za majani makavu kwa siku, yaani karibu kilo 2,280 kwa mwaka. Tuchukulie hekta moja ya malisho yenu inatoa kilo 1,500 za majani makavu katika mwaka wa mvua za wastani, na tukubaliane kwamba mifugo ile asilimia 40 tu, nyingine ikibaki kufunika udongo au kupotea kwa kukanyagwa na kuliwa na mchwa. Ng'ombe huyo atahitaji karibu hekta 4. Mwaka wa ukame, hekta hiyohiyo ikitoa kilo 500, atahitaji zaidi ya hekta 11. Utaona mara moja ugumu wa kutangaza idadi moja ya mifugo kwa kijiji: inayofaa mwaka wa wastani ni balaa mwaka wa ukame, na inayofaa mwaka wa ukame inaacha nyasi nyingi zikiozea porini mwaka wa neema, jambo ambalo hakuna mfugaji atakayelikubali. Mimi hutumia hesabu hii kwa kazi moja tu, nayo ni kuamua mwishoni mwa masika ni mifugo mingapi nyasi zilizosimama zitaifikisha hadi vuli. Ikiwa hazitoshi, ng'ombe wauzwe Juni wakiwa wamenona na wana bei, wala si Oktoba wakiwa wamebaki ngozi na mifupa. Uamuzi huo wa Juni ni mgumu kijamii kuliko kitaalamu, na sijaona agizo la kutoka juu likiufanikisha. Unafanikiwa pale ambapo kamati imepima nyasi hadharani na kila mwenye boma ameona.

Wazee nao wana hoja nzito kuliko wanavyopewa heshima yake. Mwaka 1988 watafiti wawili, James Ellis na David Swift, walichapisha matokeo ya kazi yao Turkana, kaskazini mwa Kenya, wakionyesha kwamba katika nchi kavu kama ile, ambako mvua hubadilika mno na ukame huua mifugo kabla haijaongezeka kiasi cha kuharibu ardhi, hali ya mimea huamuliwa na mvua zaidi kuliko na idadi ya mifugo. Hoja hiyo iliwaokoa wafugaji wengi dhidi ya lawama za jumla. Lakini Simanjiro si Turkana. Kwenu mvua ni nyingi kuliko kule, na nyasi zenu za asili kwa sehemu kubwa ni za kudumu, ambazo zina mizizi ya kupoteza. Nyasi za msimu, zinazoota kwa mbegu kila mwaka na kufa, ndizo zinazofuata mvua bila kujali sana zilichungwa vipi mwaka uliotangulia. Tena kuna njia rahisi ya kumjibu mzee bila kumvunjia heshima: mwombe muende pamoja kwenye mpaka wa alalili iliyotunzwa vizuri, mtazame ndani na nje. Mvua ni ileile na udongo ni uleule. Tofauti mtakayoiona hapo ni ya uchungaji.

Kuhusu ushauri wa shirika, mawazo ya kuwaunganisha ng'ombe kundi kubwa na kuwahamisha kwa mpango yalienezwa hasa na Allan Savory wa Zimbabwe, ambaye anaamini kwamba kwato za kundi kubwa huvunja gamba la udongo, hulaza majani makavu chini na kuchanganya samadi, na kwamba hilo hufufua ardhi hata bila kupunguza mifugo. Watu wengi wamevutiwa na hoja hiyo, na wengine wengi wameipinga. Mwaka 2008 kundi la watafiti wakiongozwa na David Briske wa Marekani walipitia majaribio yaliyofanywa kwa miongo kadhaa katika nchi mbalimbali na kukuta kwamba, kwa idadi ileile ya mifugo, kuzungusha kwa vipande hakukuleta nyasi nyingi kuliko kuchunga mfululizo katika sehemu kubwa ya majaribio hayo. Wanaoutetea mzunguko hujibu kwamba majaribio yalifuata kalenda ngumu na hayakumruhusu mchungaji kutumia macho yake, na katika hilo nawaunga mkono. Mimi naona kinachofanya kazi katika mpango wa namna hiyo ni pumziko na usimamizi, wala si kwato. Kijiji ambacho kila mtu alikuwa akichunga apendako, kikipata mpango wowote unaoheshimiwa, kitaona nafuu.

Kabla hamjakubali, pimeni gharama zake. Ng'ombe waliobanwa kundi moja hawachagui majani mazuri, hivyo maziwa na uzito hushuka ikiwa mtawakawiza kwenye kipande. Magonjwa ya kuambukiza husambaa haraka, kwa hiyo chanjo na kuogesha si jambo la hiari tena. Na anahitajika mchungaji mtu mzima anayelipwa, si mtoto aliyetoka shule. Mkiamua kuzungusha, msihame kwa sababu siku 14 zimekwisha. Hameni nyasi zinapofikia nusu ya urefu wake, na msirudi hadi shina lililoliwa limerudisha majani kamili na, angalau mara moja katika miaka miwili, limetoa mbegu.

Kwa Simanjiro, hata hivyo, ningeanza na jambo dogo na lililozoeleka zaidi: eneo moja kubwa la kiangazi linalofungwa siku mvua za vuli zinapoanza na kufunguliwa baada ya nyasi za masika kukauka. Wasukuma wana ngitili, ambayo inafanana na alalili kwa kanuni, na historia yake inastahili kusimuliwa katika mkutano wenu. Shinyanga ilikuwa imefyekwa misitu kwa ajili ya kuangamiza mbung'o na kulima pamba, kisha operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na ngitili zao. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zimebaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Mbegu na mizizi vilikuwa bado vimo ardhini, na wananchi waliujua utaratibu huo tangu zamani. Kilichokosekana kilikuwa mamlaka ya mwenye ngitili kumzuia mwingine asiingize mifugo yake.

Kufunga eneo kunaleta swali ambalo ninyi wenyewe mtalazimika kulijibu: mifugo iende wapi wakati wa mvua? Ikiwa tambarare bado zipo, hata sehemu yake, zitengwe kisheria kabla hazijalimwa zote, na vijana warudie ronjo, yaani kambi za muda za wachungaji, badala ya kurudisha ng'ombe kijijini kila jioni. Ikiwa hazipo ndani ya mipaka yenu, zungumzeni na majirani. Kiteto, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao katika mpango mmoja wa matumizi ya ardhi na kuyaita OLENGAPA, na hatimaye vikapata hati ya hakimiliki ya kimila kwa ajili ya wafugaji wanaoyatumia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zinaruhusu jambo hilo, ingawa hatua zake ni ndefu na zinahitaji halmashauri ya wilaya iwe upande wenu.

Maji ndiyo kufuli mliyo nayo tayari. Udongo mtupu kuzunguka lambo hauwezi kuepukwa kabisa. Kila chanzo cha maji cha mwaka mzima huzungukwa na duara kama hilo, na hoja ni kulizuia lisipanuke. Lambo lililo ndani ya eneo la kiangazi lizungushiwe miiba na mlango ufungwe wakati wa mvua, na ikiwa ni kisima cha pampu, pampu izimwe. Mahali pasipo na maji, ng'ombe hawakai. Nimeona kamati zikitoza faini mwaka mzima bila mafanikio, wakati funguo za pampu zilikuwa mikononi mwa mwenyekiti yuleyule.

Kuhusu vichaka, chanzo chake mara nyingi ni kilekile: nyasi zikidhoofika, miche ya miti ya miiba hukosa mshindani wa maji, na moto uliokuwa ukiichoma ikiwa michanga hukosa kuni. Huko Borana, kusini mwa Ethiopia, serikali ilipiga marufuku uchomaji wa malisho miaka ya 1970, na vichaka vikatanda katika eneo lililokuwa wazi. Siwaambii mchome kesho. Uchomaji unahitaji kibali, na nyasi zilizochomwa zisipopumzishwa ng'ombe hukimbilia machipukizi yake na kuleta madhara mabaya kuliko vichaka vyenyewe. Fyekeni kwa kuchagua, mkiacha migunga mikubwa ya kivuli na maganda, kisha pelekeni mbuzi wale machipukizi ya visiki, maana kisiki kisichofuatwa na mbuzi hurudi na matawi matano. Matawi yaliyofyekwa yalazwe juu ya vipara vya udongo mtupu: miiba huzuia ng'ombe, huyakamata majani na mbegu zinazopeperushwa, na hupunguza kasi ya maji ya mvua. Vile vichaka vya miiba yenye vinundu vinavyokaliwa na sisimizi, kwenye udongo mweusi wa mbuga, viacheni. Hapo ni kwavyo, na kuwapo kwavyo si dalili ya uharibifu.

Vipara vikubwa vilivyokwisha kujifunga gamba havitapona kwa kupumzishwa peke yake, kwa sababu maji hayaingii. Huko ndiko kwenye kazi ya makinga maji ya umbo la nusu mwezi, kama yaliyochimbwa Longido na Kajiado, na kupanda mbegu za nyasi za asili. Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba ndizo zilizojaribiwa sana na watafiti wa Kenya katika maeneo makavu. Njia nyingine, rahisi na isiyotumika vya kutosha, ni kulaza ng'ombe juu ya kipara kwa wiki moja au mbili kisha kuhamisha zizi. Samadi ya maboma yaliyohamwa huotesha nyasi tamu kwa miongo mingi. Huko Narok, wanaakiolojia wameonyesha kwamba mabaki ya maboma ya wafugaji ya zaidi ya miaka 1,500 bado yana rutuba kuliko udongo unaoyazunguka.

Hukuwataja pundamilia, lakini wajumbe wako watawataja. Katika majaribio yanayoendelea tangu mwaka 1995 kwenye kituo cha Mpala, Laikipia, ilionekana kwamba wanyamapori wala nyasi huwanyang'anya ng'ombe chakula wakati wa kiangazi, lakini wakati wa mvua huwasaidia, kwa kuwa hula mabua makavu na kuacha majani mabichi yakiwa rahisi kufikiwa. Eneo la kiangazi lililofungwa litawavutia, na sehemu ya nyasi mtakayoipoteza iwekwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Anzeni kupima kabla ya vuli, kwa sababu bila kipimo cha mwaka wa kwanza mtabishana mwaka wa tatu. Chagueni mistari minne, miwili ndani ya eneo litakalofungwa na miwili nje, kila mmoja ukianzia kwenye jiwe au mti usiohamishika. Mjumbe atembee hatua 100, na kila hatua aandike kilicho chini ya ncha ya kiatu chake: udongo mtupu, majani makavu yaliyolala, nyasi ya kudumu, nyasi ya msimu, au gugu. Ya kudumu utaitambua kwa mabaki magumu ya majani ya miaka iliyopita kwenye kitako chake na kwa jinsi inavyokataa kung'oka. Ya msimu hutoka na mizizi yake yote kwa vidole viwili. Gugu karoti likionekana hata mara moja ling'olewe kabla halijatoa maua, kwa mikono iliyovikwa glovu, kwa kuwa huwasha ngozi na hutia uchungu katika maziwa. Mwaka wa kwanza mtaona majani makavu yameongezeka na udongo mtupu umepungua kidogo. Nyasi za msimu zitafuata. Nyasi za kudumu msizitarajie kuongezeka kabla ya misimu mitatu minne ya mvua nzuri, na mahali ambapo mashina yamekwisha kufa kabisa zitachukua muda mrefu zaidi, hivyo waelezeni wajumbe hayo sasa, kabla ya mtu yeyote kusimama mkutanoni mwaka ujao na kudai eneo lifunguliwe kwa kuwa halijaleta faida.